Mkaa wa Mafuta katika Tanuri la Nanyala

Sifa zote ni za Mungu, aliyeuweka moto mikononi mwetu akatupa na akili ya kuuogopa. Amenilisha, amenivusha katika magonjwa mawili yaliyowachukua wenzangu wenye nguvu kuliko mimi, na ameniachia macho ya kutosha kuandika haya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nisipomshukuru kwanza, haya ninayotaka kuyasimulia yatatoka na uchungu mtupu, nami sitaki kumlisha mtu uchungu mtupu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Igamba, wilayani Mbozi, na mzee wa kanisa, katika miaka ile ambayo watu walikuwa wamekwisha kuhamia vijiji vya ujamaa na nyumba nyingi zilikuwa bado hazijapata milango. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alifanya kazi katika ofisi moja ya mipango. Nilimpenda. Naandika hivyo mapema ili msomaji asidhani nilikuwa na kinyongo naye tangu zamani. Mama yangu alipougua tumbo, shemeji ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikipiki ya ofisi, akiwa amemfunga mgongoni mwake kwa kitenge ili asianguke. Mambo kama hayo hayasahauliki.

Jumamosi moja alikuja nyumbani na kijitabu chembamba cha Kiingereza. Akakiweka mezani, akaigonga sufuria ya chai kwa ukucha.

"Shemeji, sufuria hii imetoka wapi?"

"Dukani Vwawa."

"Na kabla ya dukani?"

"Kwenye lori."

Mke wangu alicheka kule jikoni. Shemeji hakucheka. "Imetoka kwenye unga mweupe na mkaa mweusi," akasema. "Na huo mkaa unatoka kwenye mafuta. Mafuta haya haya yanayopita kwenye bomba, chini ya miguu yetu, kwenda Zambia. Yanapita na sisi hata harufu hatupati."

Akanieleza mpango. Siku zijazo, alisema, karibu na mpaka wa Tunduma patajengwa mahali pa kusafishia mafuta. Yakishasafishwa, masalio yake mazito yatapikwa yawe mkaa, mkaa huo utaokwa kwenye tanuri kubwa, kisha utapelekwa kwa reli mpya hadi mahali penye umeme mwingi wa maporomoko, ukatumike kutengeneza alumini. Tanuri litahitaji watu. "Sitaki watu wa kwetu wawe wabeba magunia tu," alisema. "Nataka siku ya kufungua, wawepo vijana wa Mbozi wanaojua kinachotokea ndani ya lile tanuri. Lakini kitabu ni cha Kiingereza, na vijana hawakijui. Wewe unajua Kiingereza, na Kiswahili chako ni cha kuandikwa. Kitafsiri. Wafundishe. Kiwanda kikija, hao ndio watakaoandikwa kwanza."

Nilikubali hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Kazi ile ilinichukua karibu mwaka mzima, jioni baada ya kusahihisha madaftari. Nieleze kwa ufupi nilichojifunza, maana bila hicho mengine hayataeleweka. Mafuta machafu yakichemshwa, vilivyo vyepesi hupanda juu: petroli, mafuta ya taa, dizeli. Chini hubaki kitu kizito kama lami. Hicho hupikwa ndani ya mapipa marefu kama minara mpaka kinagandamana kuwa mkaa mweusi, wenye matundu kama mkate. Lakini mkaa huo bado ni mbichi. Una maji ndani yake, una mafuta mafuta na hewa za kuungua, na umeme haupiti. Kwa hiyo huvunjwavunjwa, ukaingizwa katika tanuri mfano wa bomba kubwa lililolazwa kwa kuinama kidogo, nalo huzunguka polepole. Mkaa huteremka, moto huja kutoka upande wa pili kuulaki. Kwanza hutoka maji. Kisha hutoka zile hewa, nazo hushika moto. Mwisho, kwenye joto la zaidi ya digrii elfu moja na mia mbili, mkaa hujikaza, husinyaa, huwa mzito na wa kijivu chenye kung'aa. Hapo ndipo umeme unapoweza kupita. Ukitoka humo hupozwa kwa maji ndani ya pipa jingine linalozunguka, bila kuachiwa upepo. Baadaye huchanganywa na lami, ukasindikwa kuwa matofali makubwa, na matofali hayo huning'inizwa ndani ya karai la chumvi iliyoyeyuka kwa moto, iliyotiwa ule unga mweupe utokanao na udongo wa madini. Umeme ukipita, mkaa huishika oksijeni iliyo ndani ya unga na kwenda nayo, na alumini hushuka chini kama maji. Mkaa huisha kidogo kidogo. Ndiyo kazi yake.

Nilikuta furaha kubwa katika kuyatafutia mambo hayo maneno. Nilikwenda kwa wachoma mkaa nikawauliza wanauitaje mkaa ambao haujaiva. Nilikaa na wakaanga kahawa. Zaidi ya wote nilimtembelea mzee mmoja wa Nanyala, mchoma chokaa, ambaye tanuri lake la mawe lilikuwa kando ya barabara kuu na moshi wake ulionekana tangu mbali. Yeye aliniambia, "Mwalimu, moto ni mmoja. Kinachobadilika ni jiwe." Nikaliandika hilo pembeni mwa daftari.

Darasa nililianza kanisani, Jumamosi mchana, baada ya kupata ruhusa. Vijana walikuwa kumi na wawili, wote watu wazima, wengine wana wake na mashamba ya kahawa. Baba zao waliniuliza kama kuna uhakika. Nilisimama mbele yao, mahali ninaposimama kusoma matangazo ya Jumapili, nikasema: "Kiwanda kitakapokuja, hawa ndio watakaotangulia." Sikusema kwamba nimeambiwa hivyo. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe. Naomba msomaji alishike hilo.

Aliyenivutia kuliko wote alikuwa mtoto pekee wa mjane mmoja wa pale Igamba. Kijana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kukunja paji la uso kabla ya kuuliza. Siku tuliyofika kwenye zile hewa zinazotoka ndani ya mkaa, alinyoosha mkono.

"Mwalimu, zikitoka zinakwenda wapi?"

"Zinaungua humo humo tanurini."

Akakunja paji. "Basi mkaa unajipikia wenyewe kwa kuni zake."

"Kama mama mkwe anayekuja kukutembelea na unga wake," akadakia mwenzake, na kanisa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini kijana alikuwa amesema kweli. Kijitabu kilitumia kurasa tatu kulieleza jambo ambalo yeye alilisema kwa sentensi moja.

Baada ya miezi kadhaa vijana walianza kuchoka na maneno. Walitaka kuuona mkaa wenyewe. Nikapanda lori hadi Tunduma, mahali malori yanapojipanga kusubiri kuvuka. Nilizunguka kutwa nikiuliza, hadi dereva mmoja, Mwislamu wa Tanga, aliyekuwa akinawa miguu kwa ajili ya sala ya adhuhuri, akanielekeza kwa kidevu kwenye mzigo wake. Alikuwa anapeleka magunia ya mkaa wa mafuta kwenye matanuri ya migodi huko Zambia.

"Huu si wa kupikia, mwalimu," alisema. "Ukiuweka jikoni, mama watoto atakutoa wewe na jiko lako."

"Naufundishia."

"Unafundisha mkaa?" Akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Kusini huku hata mkaa unasomeshwa." Alicheka, akasali, aliporudi akanipa gunia moja lililopasuka ambalo, alisema, kule halingepokelewa. Hakutaka chochote. Mungu amlipe popote alipo.

Yule mzee wa Nanyala alipoliona gunia alishika kiuno. "Unaleta jiwe jeusi katika nyumba ya jiwe jeupe?" Lakini alikuwa na hamu kuliko sisi. Tuliuvunja mkaa, tukaujaza katika vyungu vinne vikubwa, tukavifunika na kuvikandika udongo, tukaacha tundu dogo kila kifuniko ili hewa zitoke. Vyungu tukavipanga katikati ya tanuri, vikizungukwa na mawe ya chokaa na kuni. Moto uliwaka siku tatu. Alasiri ya siku ya kwanza, kijana wa mjane alipanda juu ya ukingo, akachungulia akiwa amejifunika uso kwa nguo mbichi, akapiga kelele: "Matundu yanatoa ndimi! Mwalimu, yanatoa ndimi!" Zile hewa zilikuwa zikiungua juu ya kila chungu. Tulipanda mmoja mmoja kutazama. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watano, na machozi yalinitoka, ingawa niliwaambia ni moshi.

Asubuhi ya siku ya nne tulifanya kosa. Wachoma chokaa wa kwetu, jiwe likiiva, wana desturi ya kulipumzisha tanuri: wanabomoa mdomo wa chini, wanaachia upepo upite tangu chini hadi juu, kisha wanafunua kila kitu ili kipoe. Chokaa haidhuriki kwa upepo, kwa kuwa haiungui. Tangu utoto sote tulikuwa tumeona tanuri likifunguliwa hivyo. Mzee akabomoa mdomo, vijana wakachukua nguzo ndefu wakaanza kuvisukuma vifuniko, nami nilisimama nikitazama kwa ridhaa, mimi niliyeandika kwa mkono wangu kwamba mkaa upozwe bila upepo. Moto wa njano ukapanda kutoka kwenye vyungu kama umeitwa. Tulipopata akili ya kutupa mchanga, mkaa wa vyungu vitatu ulikuwa majivu. Cha nne kilipona kwa sababu kifuniko chake kilikuwa kimegandamana na hakikufunguka.

Kisha mzee akasema, "Nilikwambia kinachobadilika ni jiwe," na vijana wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mkaa wa chungu cha nne ulikuwa wa kijivu. Haukufikia ule mng'ao wa kitabuni, kwani joto letu halikutosha, lakini ukigonganisha vipande viwili vililia kama vigae. Tulichukua betri za tochi, waya na kibalbu. Tulipouweka mkaa mbichi kati ya waya, balbu haikuwaka. Tulipouweka wetu, ikawaka. Nuru yenyewe ilikuwa hafifu, nyekundu nyekundu, lakini ilikuwa nuru. Kijana wa mjane aliitoa, akairudisha, akaitoa, akairudisha. Nadhani alifanya hivyo mara ishirini.

Wiki ile ile ikaja barua ya kijana wa mjane.

Reli mpya ilikuwa ikiandika watu. Wengi waliomba, wachache walijibiwa. Yeye alijibiwa: aripoti kwa mafunzo, na baada ya mafunzo kazi ya kudumu. Aliniletea barua shuleni wakati wa mapumziko, akasimama huku akichora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mwalimu, mama anasema niende. Mimi nataka tanuri. Lakini kama tanuri haliji, reli haitaningoja. Niambie wewe. Nitafanya utakavyosema."

Nilimwambia anipe siku mbili. Siku iliyofuata nikapanda basi hadi kwa shemeji. Nilimkuta barazani anakunywa chai, dada yangu anapepeta mchele uani. Sikuzungusha maneno.

"Shemeji, kiwanda kipo au hakipo? Kuna mtoto wa mjane ana barua ya reli mkononi. Nikimwambia asubiri, atasubiri. Kwa hiyo niambie kama unavyomwambia Mungu."

Alinitazama machoni. Hakuharakisha. Aliweka kikombe chini.

"Mwambie asubiri. Kabla ya mvua za mwaka huu utaona watu wa kupima kiwanja Tunduma. Kijana kama huyo wa kwenda kupeperusha bendera kwenye stesheni? Tutamhitaji awe msimamizi." Kisha akaongeza, "Na usiliache darasa likapungua, shemeji. Wageni wa serikalini wanakuja kuwatazama baada ya wiki mbili. Wawepo wote kumi na wawili."

Nilirudi nimejaa amani. Nikamwambia kijana asubiri. Aliikunja barua mara nne, akasema, "Haya, mwalimu." Nafasi yake ilikwenda kwa mtu mwingine.

Wageni walikuja kwa magari mawili. Walikaa kwenye viti vya kanisa tulivyovitoa nje, wakasikiliza vijana wakieleza kwa Kiswahili chepesi jinsi mkaa unavyopoteza maji, kisha hewa, kisha unavyojikaza. Kijana wa mjane aliwasha balbu. Wageni walipiga makofi kweli kweli, mmoja akaomba kipande cha mkaa akaenda nacho. Shemeji alisimama mbele akasema "vijana wangu hawa", nami sikuona ubaya. Mwezi uliofuata alipandishwa cheo, akahamishiwa mjini Mbeya. Tulimfanyia sala ya kumuaga.

Mvua zikaja. Hakuna aliyepima kiwanja. Nilimwandikia shemeji barua mbili, akanijibu moja kwamba mambo ya serikali yana subira yake. Mvua zikaisha, kahawa ikachumwa, mvua nyingine zikakaribia. Nikasafiri hadi ofisi aliyotoka kuuliza habari za kiwanda. Mama mmoja wa masjala, mtu mwenye adabu, alinitafutia faili mpaka vumbi likamkalia kwenye nywele.

"Hili limefungwa, baba."

"Limefungwa lini?"

Akaligeuza jalada anionyeshe. Mpango ulikuwa umeahirishwa bila tarehe ya kurudiwa, na barua iliyosema hivyo ilikuwa na muhuri wa miezi minne kabla ya siku ile ya chai barazani. Pembeni, kwa wino wa kijani, mtu alikuwa ameandika "Nimesoma" na kutia sahihi. Sahihi ile niliijua. Niliiona kwenye cheti cha ndoa ya dada yangu. Chini yake, mle ndani ya faili lililokufa, yalikuwepo majina kumi na mawili ya wanafunzi niliyokuwa nimempa shemeji, kwa mwandiko wangu mimi, yakiwa yameambatanishwa na barua ya kumpendekeza yeye kwa cheo.

"Baba, kaa kwanza," mama yule akaniambia. Akaniletea maji. Sikumbuki kama niliyanywa.

Kwenye basi la kurudi nilijaribu kumtetea. Labda alitumaini faili litafunguliwa tena. Labda aliogopa. Lakini kila nilipomtetea nilimwona akiweka kikombe chini polepole na kunitazama. Kama angetazama pembeni hata kidogo, ningekuwa na mahali pa kushika.

Jumamosi iliyofuata nililiambia darasa lote. Nilisimama pale pale nilipotoa ahadi. Nikasema kiwanda hakipo, kilikuwa hakipo hata wageni walipokuja, na mimi niliyesema kitakuja nilisema bila kuwa na hakika. Yule aliyezoea kututania akauliza, "Sasa tutaoka nini, mwalimu? Viazi?" Safari hii hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe aliinamisha kichwa. Kijana wa mjane aliokota vipande vyake vya mkaa kwenye dirisha, akavitia mfukoni, akatoka.

Nilikwenda kwa mama yake siku hiyo hiyo. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, sikulificha jina la shemeji, kwa maana kijiji kizima kilimjua. Alipukuchua hadi gunzi likabaki tupu.

"Barua ilipokuja, nilimshonea mfuko wa safari," akasema. "Ulipomwambia asubiri, niliufumua, nikatengeneza foronya za mito miwili."

Nikamwomba msamaha.

"Nimesikia, mwalimu." Akachukua hindi jingine. Kwetu mtu akisema amesikia, hajasema zaidi ya hilo.

Na shemeji? Nilikutana naye ana kwa ana miezi mingi baadaye, kwenye msiba wa mama yangu. Aliulilia msiba ule kama mwanawe wa kumzaa, naamini machozi yake yalikuwa ya kweli. Siku ya tatu, watu walipokuwa wakitawanyika, nilimkuta nyuma ya nyumba akipasua kuni.

"Shemeji, siku ile nilipokuja na habari ya barua ya reli, ulikuwa unajua?"

Shoka lilibaki kwenye gogo. "Mambo ya ofisi yana pande nyingi."

"Ulikuwa unajua?"

"Ningekwambia, darasa lingevunjika. Wageni walikuwa njiani." Akafuta jasho. "Shemeji, hata wewe ulikuwa na furaha. Nilikuona. Sijapata kukuona na furaha namna ile. Nani anamkatiza mtu furaha yake?"

"Nilikuomba uniambie kama unavyomwambia Mungu."

"Kazi zipo nyingi kwa kijana yule," akasema, akakusanya kuni kifuani akaingia nazo jikoni kwa wanawake. Hadi alipofariki hakulirudia neno hilo, wala mimi sikumwuliza tena. Nilimpokea nyumbani kwangu, nilimnawisha mikono kabla ya kula, niliwabariki watoto wake walipooa na kuolewa. Dada yangu sikumwambia. Alikuwa na ndoa njema, nami niliona si haki yangu kuiingizia moto.

Lakini nisijipambe. Kwa miaka mingi, kila tulipofika katika ile sala ambayo Bwana wetu aliifundisha, penye kuomba tusamehewe kwa kipimo tunachowapimia wengine, sauti yangu ilipotea. Nilikuwa naongoza sala na waumini wakaimalizia peke yao. Walidhani ni kifua. Nilimwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe mtu ambaye hajaomba msamaha, naye alinipa kidogo kidogo, kama anavyowapa watu wakaidi. Siku hizi nalisema neno lile hadi mwisho. Siku nyingine nalisema huku nimekaza meno, na Yeye anajua.

Kuhusu kijana, alikwenda Zambia kutafuta kazi za migodini, akarudi baada ya mwaka mmoja amekonda. Yule mzee wa Nanyala akampokea, na alipokufa akamwachia tanuri. Akawa mchoma chokaa, na chokaa yake ilisifiwa hadi Tunduma. Akaoa, akamchukua mama yake akaishi naye. Reli inapita si mbali na pale. Nilipomtembelea, miaka ile ya shida ya sabuni na sukari, mikono yake ilikuwa nyeupe mpaka viwiko, imepasuka kwa chokaa. Tulikaa juu ya mawe. Nikamwambia kwamba nimekuja kumwomba msamaha yeye mwenyewe, kwa kuwa kwa mama yake niliomba lakini kwake nilikuwa sijathubutu.

Alikunja paji la uso kama zamani.

"Mwalimu, mimi nilikutuma ukaulize, ukaenda ukauliza. Ulidanganywa. Kosa lako silioni."

"Lakini neno la kusubiri lilitoka kinywani mwangu. Nilijua utanitii."

"Ni kweli nilikutii." Akaichambua ngozi iliyokufa kiganjani. "Sina kinyongo na wewe, nakuapia. Watoto wangu nitakuletea uwafundishe kusoma. Ila tangu siku ile, mwalimu, ukiniambia jambo, namwuliza na mtu wa pili. Hata ukihubiri. Nikifika nyumbani nafungua Biblia nione kama imeandikwa. Nimejaribu kuacha, nimeshindwa."

Nilimwambia afanye hivyo hivyo, asiache. Nilimaanisha. Tukaomba pamoja pale juu ya mawe, yeye akiongoza, kisha akanisindikiza hadi barabarani kungoja gari.

Watoto wake aliniletea kweli, wote watatu, nami niliwafundisha. Kila jioni aliwauliza mwalimu kasema nini leo, na kila jioni, nasikia, aliangalia kitabuni.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuweke. Akupe watu wa kukuambia kweli hata pale kweli inapowagharimu, na wewe akupe ujasiri huo huo kwa wanaokutegemea. Ukiwa umeumizwa na mtu wa nyumbani mwako, akuponye kwa mkono wake mpole. Akulinde wewe, watoto wako na kazi za mikono yako, sasa na siku zote. Amina.